Swali la Kumi na Moja

Fomu ililetwa shuleni majira ya baridi yakielekea kuisha, katikati ya miaka ya themanini. Ilikuwa na maswali kumi na mawili, nami niliyanakili yote kwenye daftari langu siku ileile. Kabla ya kuja Stockholm nilikuwa mwandishi wa habari Dar es Salaam, na mkono wangu haujaacha tabia ya kunakili karatasi za watu wengine.

Ofisi ya elimu ya wilaya ilitaka kila shule ijipime yenyewe: je, watoto wanaohitaji elimu maalumu wanaipata kama inavyotakiwa? Kila mtoto ambaye uamuzi wa kumsaidia ulikwisha kuandikwa alijaziwa fomu yake. Mbele ya kila swali palikuwa na visanduku vitatu: Ndiyo, Kwa kiasi, Hapana. Mkaguzi hakuja. Mwalimu mkuu alijaza, mzazi akatia saini, na kwa majibu hayo ofisi iligawa saa za walimu wa elimu maalumu kwa mwaka unaofuata. Shule iliyosema mambo ni mazuri ilihesabiwa kuwa na mambo mazuri.

Shule yenyewe sitaitaja. Nilifika huko kwa treni mpaka Spånga, halafu kwa basi, Jumanne na Alhamisi. Siku nyingine nilifundisha kwingine, kwa kuwa mwalimu wa lugha ya nyumbani hakuwa na shule yake. Watoto wa wageni waliruhusiwa kujifunza lugha ya wazazi wao saa mbili kwa wiki, na sisi walimu wao tulizunguka mji na mikoba, tukipewa vyumba vilivyobaki. Nimefundisha Kiswahili katika stoo ya ramani, na katika chumba cha kubadilishia nguo kilichonuka soksi. Katika shule hii nilipewa chumba cha muuguzi siku ambazo muuguzi hayupo. Palikuwa na mizani, kitanda chenye karatasi, na ubao wa kupimia macho.

Mwanafunzi wangu pale alikuwa mmoja tu, msichana wa miaka tisa, darasa la tatu. Baba yake alikuwa Mkenya aliyekuja kusoma uhandisi, masomo yakamshinda njiani, sasa akisafisha ndege uwanjani karibu na Märsta. Mama yake alikuwa Mganda aliyekimbia nchi yake katika miaka ile ambayo kila mtu aliyeweza alikimbia. Alifanya kazi ya kufua nguo katika nyumba ya wazee. Walikutana Stockholm, na lugha pekee waliyoweza kupendana kwayo ilikuwa Kiswahili, ingawa mama aliniambia kwamba kwao Kampala Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, na mara ya kwanza mumewe alipomsalimia kwa lugha hiyo moyo ulimruka. Wao walisema na mtoto kwa Kiswahili. Yeye aliwajibu kwa Kiswidi.

Vitabu vya Kiswahili sikuwa navyo. Nilitengeneza vijitabu kwa taipureta, nikabandika picha nilizokata kwenye magazeti. Msichana alivisoma vizuri, kwa sauti nzuri, bila kukwama. Niliandika daftarini: anasoma kwa ufasaha. Mwalimu wake wa darasa naye aliniambia kitu kama hicho kuhusu Kiswidi, kwamba anasoma kwa sauti vizuri ila kuandika ndiko kunakomlemea, na kwamba huenda ni kwa sababu ya lugha mbili.

Kisha Jumanne moja ya vuli, kurasa mbili zilinata kwa gundi, nami nikazifungua pamoja bila kujua. Mtoto aliendelea kusoma.

"Paka amelala juu ya kiti."

Nilitazama. Ukurasa ulikuwa na picha ya basi, na maneno chini yake yalihusu basi.

"Hapo pameandikwa nini?" nikamuuliza.

"Paka amelala juu ya kiti."

"Yuko wapi paka?"

Aliitazama picha, akanitazama mimi. Halafu akasema kwa Kiswidi, taratibu, kama mtu anayemsahihisha mtoto mdogo, "Umefungua vibaya. Wewe ndiye umekosea, si mimi."

Nilimpa kijitabu kipya ambacho hakuwahi kukisikia. Alikishika mkononi bila kukifungua. Nikangoja. Mwishowe akageukia ukutani, akaonyesha ubao wa muuguzi. "Ule naujua," akasema, akafumba macho, akazitaja herufi zote kutoka ile kubwa ya juu mpaka zile za chini ambazo mimi mwenyewe sizioni bila miwani. Hakukosea hata moja. Alipofumbua macho alikuwa anatabasamu, akingoja nimsifu.

Nilimsifu. Sikujua la kufanya jingine. Mtoto huyu alikuwa amekariri kila kitabu alichowahi kusomewa, kwa lugha mbili, kwa miaka mitatu, na sisi watu wazima tulikuwa tukimsikiliza na kuandika kwamba anasoma.

Nisiwadhulumu wenye shule. Nilipowaambia, walisikia. Mwalimu wa darasa alifanya jaribio langu kwa kitabu chake, akarudi amebadilika rangi. Kabla ya Krismasi uamuzi ulikuwa umeandikwa: saa tatu kwa wiki kwa mwalimu wa elimu maalumu, katika chumba ambacho Waswidi wa wakati ule walikiita kliniki, ingawa hapakuwa na dawa, palikuwa na meza mbili na herufi za mbao ndani ya sanduku. Mama alipigiwa simu. Aliniambia alimaliza kuongea, akaingia katikati ya mashine zake za kufulia, akalia.

Tulikuwa na majira ya kuchipua tu. Mwezi wa sita darasa la tatu linakwisha na watoto wanahamia jengo jingine, kwa walimu wengine, ambako mtu hafundishwi kusoma tena, anapewa historia na jiografia asome. Anayefika huko akiwa na saa za kliniki zilizoandikwa, anaendelea nazo. Anayefika bila saa hizo anaanza kwenye foleni, na foleni hiyo niliijua kwa watoto wengine. Wengi walikuwa bado wamo humo sauti zao zikivunjika kwa balehe.

Na saa zile tatu, mtoto hakuzipata. Mwalimu wa elimu maalumu, mama mmoja mtaratibu mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, ndiye pekee asiyekuwa na darasa lake, kwa hiyo mwalimu yeyote alipougua, au mtoto wa mwalimu alipougua, yeye ndiye aliyepelekwa kuziba pengo. Majira ya baridi Stockholm mtu mmoja huwa mgonjwa kila siku. Chumba cha muuguzi kilitazamana na kliniki, ng'ambo ya korido. Kila Jumanne na kila Alhamisi niliandika nilichokiona: mlango umefungwa, mlango umefungwa, kuna karatasi inayosema rudi darasani, mlango umefungwa, mlango wazi, dakika ishirini, mlango umefungwa. Msichana alizoea. Alikuwa akipita pale, anaigusa ile karatasi kwa kidole, halafu anaingia kwangu.

"Imeandikwa nini?" nilimuuliza siku moja.

"Ingen klinik idag," akajibu, yaani leo hakuna kliniki. Alijibu bila kuitazama.

Nilikwenda nyumbani kwao kueleza kuhusu fomu. Baba alikuwa ametoka zamu, bado amevaa suruali ya kazi, anakula ugali kwa haraka kabla ya kulala. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ngoja, mwalimu. Shule inajiuliza yenyewe kama inafanya kazi?"

"Ndiyo."

"Na inajijibu?"

"Inajijibu."

"Kumbe! Mtihani wa kujisahihishia! Mimi ningepewa mmoja kama huo, saa hizi ungekuwa unaniita mhandisi."

"Wewe?" mkewe akasema kutoka kwenye jiko. "Wewe hata ungejisahihishia ungeanguka."

Tulicheka sote watatu. Ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka tukicheka kuhusu jambo hili. Halafu nikamwambia mama kwamba mzazi anaitwa kikaoni, ataulizwa, na majibu yake yataandikwa. Nikamwambia aseme kwamba saa tatu hazipo. Mlango umefungwa. Mtoto hasomi. Nikasema, hawa wanapenda maneno mafupi.

"Nitasema, nyabo," akanijibu. Nyabo ndivyo kwao wanavyomwita mwanamke kwa heshima. "Kwani mimi ni bubu?"

Kikao kilipangwa saa nane mchana mpaka saa tisa kasorobo. Mama alikuja na koti lake la kanisani na kifurushi cha chapati, zimefungwa kwa karatasi ya fedha na juu yake kitambaa cha maua. Kwenda mahali pa mtu mikono mitupu hakuweza, hata kama mahali penyewe ni ofisi. Mwalimu mkuu alikuwa mwanamume mrefu mwenye sweta la vifungo na macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Watoto walimwita kwa jina lake la kwanza. Mama hakuthubutu, alimwita kwa cheo chake cha Kiswidi, Rektor. Alipompa mkono alikunja magoti kidogo, kama anavyosalimia mwanamke wa Kiganda aliyelelewa vizuri. Mwalimu mkuu akadhani ameangusha kitu, akainama kutazama sakafuni.

Tulikaa watano: yeye, mwalimu wa darasa, mwalimu wa elimu maalumu, mama, na mimi. Palikuwa na kahawa na maandazi ya mdalasini. Chapati ziliwekwa katikati ya meza, mwalimu mkuu akazisifu harufu, akazisogeza pembeni kidogo ili fomu ipate nafasi.

"Leo wewe ni mkalimani wetu," akaniambia kwa upole. Nilielewa maana yake. Daftari langu lilikuwa ndani ya mkoba, kati ya miguu yangu, na lilibaki humo.

Maswali alisoma yeye. Je, mahitaji ya mtoto yamechunguzwa? Ndiyo. Je, uamuzi umeandikwa? Ndiyo. Je, saa zimeingizwa kwenye ratiba? Mwalimu wa elimu maalumu alikuwa anakoroga kahawa ambayo hakuitia sukari. "Zimo kwenye ratiba," akasema, na ilikuwa kweli, ratiba ilibandikwa ukutani nyuma yake, na jina la mtoto limeandikwa mara tatu kwa kalamu ya kijani. Je, mwalimu mwenye sifa yupo? Yupo. Alikuwa amekaa hapo. Swali la sita liliuliza kama mtoto anapata msaada mwingine wa ziada, na mwalimu mkuu akaandika: mwalimu wa lugha ya nyumbani, saa mbili kwa wiki. Alinitazama akatabasamu, kama mtu anayekupa haki yako.

Nilimtafsiria mama hilo pia. Nilisema kwa mdomo wangu kwamba shule inampa mtoto wake msaada wa ziada, na msaada wenyewe ni mimi. Mama akaitikia kwa kichwa.

Hakuna swali lililouliza kama mlango ulikuwa wazi.

Tukafika la kumi na moja. Je, wazazi wameridhika na msaada ambao mtoto anapewa? Mwalimu mkuu aliweka kalamu chini, akamgeukia mama, akakunja mikono mezani. Nilitafsiri. Mama aliweka kikombe chake, akaketi vizuri.

"Mwambie, kwanza kabisa, namshukuru Mungu aliyetufikisha hapa leo sote wazima. Halafu namshukuru Rektor kwa kutuita. Namshukuru mwalimu, na mwalimu huyu mwingine, kwa kumpokea mtoto wetu kama wa kwao. Mtoto anakula vizuri hapa. Hakuna anayempiga. Tunashukuru sana, sana."

Nilitafsiri yote isipokuwa Mungu, ambaye sikujua ataonekanaje katika chumba kile. Nilijua, kama anavyojua mtu yeyote wa kwetu, kwamba hapo mama alikuwa bado hajasema neno. Alikuwa anabisha hodi. Huwezi kuingia kwa mtu na kuanza na lawama. Unashukuru, naye anakushukuru, anakuuliza habari za nyumbani, mnakula kidogo kile ulicholeta, na baadaye sana, unapoondoka, mwenyeji anakusindikiza mpaka nje, na huko njiani, mkiwa mnatembea bega kwa bega bila kutazamana usoni, ndipo unapomwambia kilichokuleta.

"Inafurahisha sana kusikia hivyo," mwalimu mkuu akasema, na alifurahi kweli, uso wake ulilegea. Akaichukua kalamu. Akauliza, "Kuna jambo jingine?"

Nikamtafsiria mama. Alizitazama chapati, ambazo hakuna aliyezigusa.

"Hapana, tule kwanza," akasema.

Na mimi nikasema kwa Kiswidi: "Hapana."

Nimeyapitia maneno yale mawili niliyoyaacha mara nyingi kuliko habari yoyote niliyowahi kuandika. Sikuyaacha kwa makusudi. Niliona kama maneno ya adabu tu, ya kusogezea wakati, na nilikuwa nimechoka kumweleza kila mtu kila kitu. Nilidhani mama atapata nafasi baada ya swali la kumi na mbili. Mwalimu mkuu alitia alama kwenye Ndiyo. Swali la kumi na mbili liliuliza tu kama mkutano na mzazi umefanyika, na tulikuwa ndani yake. Mama akapewa kalamu. Akanitazama.

"Nitie?"

"Inaonyesha tu kwamba ulikuwepo," nikasema, kwa kuwa ndivyo nilivyoambiwa.

Akatia saini, kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya masista. Mwalimu mkuu akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa kasorobo kamili, na nje ya mlango mzazi mwingine alikuwa ameketi, koti magotini. Tukapeana mikono. Mama akakunja tena magoti, akatoka, akasimama koridoni akingoja. Nyuma yetu mlango ukafungwa, taratibu, bila ubaya wowote.

"Haji?" mama akauliza.

"Nani?"

"Rektor. Hatusindikizi?"

"Huku hawasindikizi, dada."

Alisimama palepale. Upande wa pili wa korido, mlango wa kliniki ulikuwa umefungwa, na karatasi yake. Akaanza kusema, sauti ya chini, akinitazama mimi kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya mlango ule.

"Sasa nitamwambia wapi? Mwambie, zile saa tatu za wiki aliniambia kwa simu, mimi nikalia kazini mpaka wenzangu wakadhani nimefiwa. Saa tatu ziko wapi? Mtoto anarudi nyumbani namuuliza, leo umekwenda kliniki? Ananiambia nej, mama, sikwenda. Kesho nej, mama. Jioni namshikia kitabu, ananidanganya, nami najua ananidanganya, nafanya kama sijui, maana nikimwambia atalia. Mimi nilisoma chini ya mti wa masista na bunduki zinalia mjini, na nilijua kusoma nikiwa na miaka sita. Huyu ana penseli za rangi zote. Mwambie hivyo. Mwambie nashukuru, lakini mwambie hivyo."

Yote yalikuwemo. Mafupi, wazi, kwa mpangilio, kama nilivyomwomba. Katika kazi yangu ya zamani kila chipukizi aliambiwa siku ya kwanza: usifunge daftari mpaka uwe mtaani, mtu husema jambo lake akiwa ameshika kitasa cha mlango. Niliwahi kuwafundisha wengine hivyo. Nami nilikuwa nimekaa dakika arobaini na tano mkoba ukiwa umefungwa.

Nilibisha. Mwalimu mkuu alitoa kichwa. Nikamwambia mama ana la kuongeza, na ni zito. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akamwomba radhi yule mzazi mwingine, akaturuhusu tuingie, tukiwa tumesimama. Nikayasema yote. Alisikiliza mpaka mwisho, sitamsingizia.

"Lakini nilimuuliza," akasema. "Nilimuuliza mara mbili. Wewe mwenyewe ulitafsiri."

"Alikuwa hajamaliza."

"Ametia saini." Alisema hivyo kwa huzuni, kama anayesoma hali ya hewa. "Fomu ya pili siwezi kuijaza kwa mtoto mmoja. Aandike barua. Au mwakani, fomu itakuja tena."

Fomu ilikuwa mezani, imegeukia upande wangu, na hapo niliona kitu ambacho sikukiona nikiwa nimeketi. Chini ya kila alama ya wino palikuwa na alama ya penseli. Mwanzo mpaka mwisho, Ndiyo, Ndiyo, Ndiyo, kwa penseli nyembamba, zilizowekwa kabla hatujaingia chumbani, labda kabla fomu haijatoka kwenye bahasha vizuri. Wino ulikuwa unafuata tu. Mahali pamoja tu hapakuwa na penseli. Swali la kumi na moja. Hilo alikuwa ameliacha wazi kwa uaminifu, akimngoja mama.

Sikumweleza mama hilo siku ile. Nilimweleza baadaye sana, na sina hakika nilifanya vizuri.

Barua tuliiandika mezani kwao, kwa Kiswidi changu, baba akiwa amesimama nyuma yangu, sasa bila utani. Niliambatisha kumbukumbu za mlango, Jumanne kwa Jumanne, Alhamisi kwa Alhamisi, zimepigwa kwa taipureta, safi. Ofisi ya wilaya ilijibu baada ya majuma mengi. Walishukuru kwa barua. Walisema kwamba jukumu la kutathmini liko kwa shule yenyewe, na kwa hiyo barua yetu wameipeleka kwa mwalimu mkuu aitolee maoni. Mwalimu mkuu alitoa maoni. Alisema, na nakala tuliipata, kwamba shule ilifanya tathmini kamili majira yale ya kuchipua, mzazi akiwepo na mkalimani akiwepo, na haikuonekana kasoro. Ofisi ikasema kwamba wameridhika na maelezo. Niliziweka barua zote tatu moja juu ya nyingine. Kila moja iliitegemea iliyo chini yake, na ya chini kabisa iliitegemea fomu.

Mwezi wa tano tulipata majumuisho. Shule yetu ilikuwa na Ndiyo kila mahali, kwa kila mtoto. Ofisi ilituma keki, ile ya Kiswidi ya kijani yenye ua la waridi juu, na walimu wakaitwa kwenye chumba chao. Mwalimu wa elimu maalumu alikata vipande. Aliponipa changu alininong'oneza, "Niliwaambia mwaka juzi. Fomu tatu zikatiwa Hapana. Wakaja watu wawili wakauliza kwa nini sipangi vizuri muda wangu." Halafu akalamba kisu, akaendelea na wengine. Keki niliila. Ilikuwa tamu sana.

Kwa mwaka uliofuata shule ilipunguziwa saa za kliniki, kwa sababu haikuwa na upungufu. Jina la msichana halikuwemo katika waliobaki. Hati yake ya kuhamia darasa la nne, niliyoisoma nikiwa nimesimama kwenye korido, ilisema alipewa msaada na msaada ukakamilika.

Siku ya kufunga shule watoto walipangwa jukwaani, wamevaa nguo nyeupe, majani mabichi yamefungwa kwenye viti. Nilikaa na mama. Baba alikuwa na zamu. Kila mtoto alishika karatasi ya nyimbo, iliyochapwa pande zote mbili, kwa sababu nyimbo zilikuwa nyingi. Msichana wetu alisimama mstari wa mbele, nywele zimesukwa upya, ameishika karatasi kwa mikono miwili mbele ya kifua. Aliimba kwa sauti inayosikika juu ya wengine. Mzazi mmoja wa Kiswidi mbele yetu alimnong'oneza mwenzake, akamwonyesha yeye, wakatabasamu.

Wimbo wa tatu ulipokwisha, karatasi zote ziligeuzwa. Ulisikika mchakacho mmoja ukumbini, kama ndege wanaoruka pamoja. Kisha wakaanza wa nne.

Mama aliniinamia.

"Hakugeuza," akasema.

"Nimeona."

"Anaimba yote. Sikiliza, hakosei hata neno." Alitazama mbele. "Na hakugeuza."

Tulisikiliza mpaka mwisho, nyimbo tatu zaidi. Watu walipiga makofi, na mama akapiga makofi. Mlangoni mwalimu mkuu alikuwa amesimama akiwaaga wazazi mmoja mmoja. Mama alimpa mkono, akakunja magoti, akashukuru kwa Kiswidi, tack, Rektor. Hakuuachia mkono mara moja. Alikuwa ametangulia hatua moja nje, kwenye jua, nusu amegeuka, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kutembea kando yake.

Mwalimu mkuu akaubana mkono wake kwa upole, akamtakia likizo njema, akamgeukia aliyefuata.